Mkono Uliokataa Kuandika Uongo

Alizaliwa alfajiri ya Jumanne ya kwanza ya Kwaresima, gizani, mfuniko wa birika ukitetema jikoni na mkunga akipapasa kiberiti. Alikuwa mtoto wa saba wa fundi viatu, na tangu utotoni alilalamikia mvua, jua, ndugu zake na uji. Alipoajiriwa kufua shuka za hospitali, wenzake walimwita Mama Povu, maana povu la mdomo lilizidi la beseni.

Wito ulimjia akiwa na miaka thelathini, katika darasa la jioni, mwalimu alipowaeleza habari za Wastoa, wanafalsafa wa kale waliofundisha mtu kutenga yaliyo mikononi mwake na yasiyo yake. Alimkimbilia padri. "Baba, hao si wapagani? Mbona wanasema kama Injili?" Padri akacheka: "Ndoo ya jirani, mwanangu, maji ya Mungu. Chota." Tangu hapo, kila asubuhi mbele ya rundo la shuka, aliomba: mvua ni yako, Bwana, kusugua ni kwangu. Akaanza kuimba kazini, hata wenzake wakadhani anaumwa.

Jaribu lilikuja mwaka wa tisa baada ya wito huo. Pipa la kuchemshia liliharibika, na watoto wa wodi ya upele wakawa wanalalia shuka zilizosuuzwa kwa maji baridi tu. Msimamizi, akiogopa wakaguzi, alimletea daftari aandike kwamba zimechemshwa. "Andika, Mama Povu. Una watoto watatu. Au watakula nyimbo?" Kitindamimba wake bado alinyonya. Ndipo akasema, "Kazi ni yako, bosi, ichukue. Mkono huu ni wangu, na nimeshaukabidhi kwa Kristo."

Alifukuzwa saa ileile, akatoka langoni akiimba, sauti ikikatika. Kesho yake wafuaji wote kumi na mmoja waliobaki walikataa kalamu. Siku ya nne wakaguzi wakaliona daftari tupu, wakauliza. Pipa likatengenezwa, naye akarudishwa kwa vigelegele. Kufikia Pentekoste, wodi ya upele ilikuwa na vitanda vitupu.

Alifariki akiwa na miaka themanini na mmoja, ameridhika, akiwatania wauguzi kwamba mbinguni hakuna madoa, hajui atapewa kazi gani. Wapo wanaosema waliponywa kwa maombezi yake. Sisi tumuige katika lile lililo mikononi mwetu. Mwaka jana, katika ibada ya kumkumbuka, chombo cha maua kilianguka kikapasuka. Wazee wakamtazama paka aliyekuwa kando ya vigae. Paka akatazama mlango. Msichana wa miaka mitano akapanda juu ya benchi, akasema kwa sauti: "Nimekivunja mimi."