Jicho la Shangazi na Chapati za Sabato

Watu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa safari ya Njoro kwenda Kisii ilivyokuwa siku hizo. Uliondoka Nakuru nyasi zikiwa na umande, ukafika Kericho umechoka, na ukiingia Sotik ulikuwa umesahau ulikotoka. Basi lilipanda milima likiguna kama mzee anayeinuka kitini. Nilisafiri na mama, kichwa nje ya dirisha, nikirudisha kidogo kidogo mkate niliokula asubuhi. Nilikuwa na miaka saba, miguu kama ya korongo, tumbo kama ngoma.

Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya ngano, na kwetu ngano ilikuwa asubuhi, mchana na jioni: mandazi, mkate, chapati. Zahanati ilisema nina minyoo. Nilinyweshwa dawa ya minyoo mara nyingi hata nadhani, kama kweli walikuwemo, walihama kwa hasira. Mwishowe baba akaamua nipelekwe kwa nyanya, mama yake, kijijini Birongo, nikabadilishe hewa.

Tulishuka Keumbu, wanawake wakayakimbilia madirisha ya basi na vichane vya ndizi. Mmoja wao, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, hakuja kuuza. Alikuwa shangazi yangu Moraa, dada yake baba, aliyeolewa pale pale Keumbu. Alinikagua kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akamwuliza mama, "Mmeleta tumbo peke yake? Mtoto mwenyewe amebaki Njoro?" Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu Nakuru. Shangazi akajitwika mzigo wetu, tukashika njia ya Birongo, naye akinitania mlima mzima.

Mama akarudi Njoro, nami kwa nyanya nilifufuka. Wenzangu, mnakumbuka ugali wa wimbi, mweusi kama udongo wa bondeni, unaotolewa ndani ya kikapu chake ukiwa bado unafuka moshi? Tuliula na mboga za managu zilizolala kwenye maziwa usiku kucha, au na mboga chungu ya chinsaga ambayo ukikunja uso nyanya anakuongezea. Asubuhi ilikuwa uji wa wimbi uliochachuka kidogo na kiazi kitamu kilichobaki jana. Mchana tulikula ndizi za kuchemsha. Tulichuma majani chai kabla ya shule, vidole vikifa ganzi, na alasiri mvua ya mawe ikitushika njiani tulifunika vichwa kwa majani ya mgomba na kukimbia tukicheka. Kwa mchezo, tulikata gogo la mgomba, tukalikalia wanne na kuteremka nalo mlimani mpaka mtoni. Breki ilikuwa matako. Watoto wa siku hizi wakiteleza kwenye sakafu ya sebule wanapelekwa kupigwa picha ya mifupa.

Tumbo lilinywea, miguu ikapata nyama. Majirani wakasema ni hewa ya Birongo. Nyanya alisema ni maombi. Hakuna aliyeusifu wimbi.

Sasa, unga wa ngano haukuwa kitu cha kukaa nyumbani mwa nyanya. Ulikuja na mgeni, na mgeni wetu alikuwa shangazi. Alifika Ijumaa na pakiti ya unga kikapuni, na kwa kuwa nyanya alikuwa Msabato wa kweli, moto wa kupika ulizimwa jua likitua. Kwa hiyo Ijumaa alasiri jikoni palikuwa na mbio. Shangazi alisukuma chapati kwa chupa ya soda, nyanya akigeuza, mimi nikinusa. Zilifunikwa kwa kitambaa, zikaliwa Sabato nzima baada ya kanisa. Shangazi alinipa ya kwanza na ya mwisho, akinishika mashavu na kusema, "Tazama mtoto alivyong'ara! Huyu ataniolea wake wawili, mmoja awe wa kunipikia."

Jumapili akirudi Keumbu, mimi nilikuwa nimejikunja kitandani. Tumbo lilijaa upepo, nikakimbia chooni hata njia ikanizoea.

Mara ya kwanza walisema nimekula kwa pupa. Mara ya pili pia, nyanya akanigombeza. Ilipozidi, jirani yetu aliyeitwa Mama Kwamboka akavuta kigoda karibu na nyanya na kumwambia kwa upole kabisa, "Dada, mimi si mtu wa maneno. Lakini kila akija binti yako, mtoto analala. Na yeye haachi kumsifu."

Kwetu Gusii mtu anaweza kuwa na jicho bila kujua analo, wala hana ubaya wowote moyoni. Akimtazama kwa mapenzi mtoto mwenye ngozi nyeupe, vitu vidogo kama nyuzi humnata mtoto mwilini na kumwumiza. Mimi nilikuwa mweupe kwelikweli, weupe wa kukosa damu, ila kwa Mama Kwamboka ulikuwa weupe wa kuvutia macho. Akanipaka samli tumbo zima, akasugua, akatoa nyuzi na kumwonyesha nyanya. Nyuzi zilikuwa nyekundu. Blanketi langu lilikuwa jekundu. Sikuulizwa.

Kanisani mambo hayo yalikatazwa, kwa hiyo yalifanyika mlango umefungwa, baada ya kuomba. Lakini aliyekuwa hatarini hapo sikuwa mimi, ingawa nilijiona mimi. Mwanamke akishasemwa ana jicho, wanawake wenzake hufunika watoto akipita. Hakaribishwi kumwona mzazi aliyejifungua. Na aliyesemwa hivyo ni binti wa pekee wa nyanya, mtu aliyependa watoto kuliko ndizi zake.

Nyanya alitafuta njia ya katikati. Shangazi aendelee kuja, ila nifichwe. Shangazi hakubisha. Alikaa jikoni, mimi nikakaa nyuma ya jiko, tukaongea kupitia ukuta wa udongo. Alinisimulia vituko vya sokoni huku ameuelekea ukuta kama mtu anayeungama, nami nikicheka upande wa pili mpaka kuku wakashtuka. Kisha nyanya, kwa huruma ya kunitenga, aliniletea nyuma ya jiko sahani iliyojaa chapati. Nilifichwa shangazi. Chapati hakuna aliyenificha.

Jumapili nikalala mgonjwa kama kawaida.

Mama Kwamboka akatikisa kichwa. Hili sasa, alisema, ni jicho linalopita ukuta.

Baada ya hapo shangazi hakuja tena. Hakuna aliyemfukuza. Nyanya alimtumia tu salamu kwamba apumzike kidogo, naye akaelewa. Bila yeye hapakuwa na unga, bila unga hapakuwa na chapati, na mimi nikanona kama ndama wa msimu wa mvua. Ushahidi ukakamilika. Kijiji kizima kilinitazama nikiteleza na gogo la mgomba, kikasema, mmeona sasa.

Niliyaacha hayo nyuma, nikawa mtu wa kuhama. Baada ya kidato cha nne nilikaa Eldoret, nikahamia Voi, nikapanda Lodwar, nikarudi Thika. Kila mji ulinifurahisha mwezi mmoja, kisha tumbo linaanza, nami nalaumu maji. Watu walidhani nina roho ya kutangatanga. Huenda ninayo, lakini nusu ya safari zangu nilikuwa nakimbia chapati za hoteli bila kujua. Juzi juzi tu, nikiwa na zaidi ya miaka arobaini na suruali isiyoshika kiuno, daktari mmoja kijana alinipima damu, akanipitisha mpira kooni, akaniambia nina ugonjwa wa siliaki. Mwili wangu haupatani na gluteni, kitu kilichomo ndani ya ngano na shayiri. Ni wa kurithi, na dawa yake ni kuacha, kabisa, maisha yote. Nikamwuliza nile nini. Akanishauri, kwa uso wa mtu anayetoa habari mpya, nijaribu wimbi.

Nina mpwa Nairobi ambaye naye ameacha ngano, ila yeye ni kwa ajili ya ngozi. Ananunua wimbi kwenye pakiti yenye picha ya mlima, anaipiga picha, halafu jioni anakula pizza kwa sababu ni wikendi. Nikimwambia sisi tulikula hivyo kwa kuwa hapakuwa na kingine, ananiambia nilikuwa mbele ya wakati. Mimi harusini nabeba ndizi zangu za kuchemsha kwenye mkebe, na wenye sherehe wananitazama kama mchawi.

Nilipotoka kwa daktari nilimpigia shangazi simu. Amezeeka, lakini bado yuko sokoni Keumbu. Nilimweleza polepole.

"Kwa hiyo ilikuwa unga," akasema.

"Ilikuwa unga, shangazi."

"Na unga niliubeba mimi." Nikasikia anacheka, cheko lile lile la kuvuka bonde. "Basi hawakukosea sana. Mtu walimpata, wakakosa kitu. Ngoja niweke sauti kubwa, urudie."

Nikarudia, mbele ya soko zima nisiloliona. Mwanamke mmoja akauliza kama chapati inaweza kuua mtu mzima. Mwingine akataka kujua wakwe zangu walinipokea kwa chakula gani bila chapati. Shangazi akanifanya niseme mara ya tatu, kwa Ekegusii, kwa ajili ya wazee. Lakini Mama Kwamboka alikwisha kufariki, na nyanya pia. Waliofaa kuyasikia kuliko wote hawakuwepo. Siku hizi mtoto anatolewa damu kidoleni, ndugu zake wanabaki ndugu. Enzi zetu majibu yalitoka kwa jirani, na jibu lilikuwa daima jina la mtu.

Kabla hajakata simu, shangazi aliniuliza kama nakumbuka siku niliyoondoka.

Naikumbuka. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, narudi kwa baba moja kwa moja, na nyanya alinisindikiza mpaka Keumbu kupanda lori la ndizi linalokwenda Nakuru. Shangazi alikuwa pale, katikati ya mikungu, amekwisha kumwomba dereva nikae mbele. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka. Nilianza kumkimbilia. Nyanya akanishika bega, na shangazi aliponiona naja, akageuka upesi akatupa mgongo, mikono ameishika kifuani, akaielekea barabara ya Kisii. Wanawake wenzake wakaacha kuita wateja.

"Nenda salama, mwana wa ndugu yangu," akasema, akiiambia barabara tupu. "Sikuangalii."

Lori likaondoka. Mimi nilimwangalia mpaka kona ya kwenda Keroka, naye hakugeuka.