Ufunguo Uko kwa Nani

Kila jioni, tukishafunga madirisha ya kutolea dawa, mimi nikiwa mjini Lodwar na mwenzangu Kakuma, tunapigiana simu kuulizana swali moja. Asiyeijua kazi yetu angedhani ni mambo ya ofisi tu.

Tulisoma ufamasia pamoja. Mimi nina hasira za karibu, yeye ni mtu wa mzaha. Zahanati yake haikuwa na chupa za dawa ya maji, hivyo kila mgonjwa alikuja na yake, akaigonga kwenye ubao wa dirisha mpaka mfamasia atokee.

Mama mmoja wa Nakalale, mwenye mtoto wa kifafa, aligonga akaambiwa dawa imekwisha. Akarudi, akaambiwa vilevile. Mara ya tatu dawa ilikuwepo. Mwenzangu alinyoosha mkono kwa furaha apokee chupa.

"Hii chupa pea mwingine," mama alisema. "Mtoto haiko tena."

Akaaga vizuri, akaenda zake. Mwenzangu hakuwa amekosea popote, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekosea, angejua pa kuombea radhi.

Baadaye akaanza kusikia chupa ikigongwa. Akienda dirishani, hakuna mtu. Mwanzoni alinisimulia akicheka.

Kisha tukaitwa semina hapa Lodwar, tufundishwe kutunza afya ya akili. Tukagawiwa fulana. Mwezeshaji akasema mganga hajigangi, ukumbi ukacheka. Mimi nilikasirika, maana msemo huo haujamwambia mganga aende wapi. Wakati wa chai mwenzangu akaninong'oneza kwamba siku hizi chupa inagongwa hata nyumbani kwake, na kwamba amechoka, anataka kupumzika. Kila mfamasia ana kabati la dawa kali. Nikaweka kikombe changu chini, nikamuuliza.

"Ufunguo wa kabati uko kwa nani?"

"Kwangu, daktari," alijibu, akinitania.

"Unafikiria kujiua?"

Alitazama kikombe chake. "Ndiyo."

Tuliziacha fulana kwenye viti. Mchana huo nilimpeleka kwa daktari wa akili, nikakaa naye foleni kama mgonjwa mwingine yeyote. Kesho yake tukaenda Kakuma, akaukabidhi ufunguo kwa nesi mkuu mbele yangu. Tangu hapo ndipo tukaanza kuulizana kila jioni ufunguo uko kwa nani. Mzaha ulimrudia polepole. Nikiuliza, hujibu kwamba uko kwa nesi, na hata yeye hapewi.

Mwaka huu dawa ya kifafa imekwisha kwetu pia. Nimesema "hakuna" mpaka watoto wananijua kwa neno hilo. Wiki iliyopita, nikiwa nimeshafunga, nilisikia chupa ikigongwa kwenye ubao. Hapa kwetu hakuna anayekuja na chupa, tunazo za kutosha. Nikafungua dirisha. Veranda ilikuwa tupu, upepo unasukuma vumbi.

Simu ikalia. Mwenzangu akauliza swali letu. Ufunguo wa kabati langu ulikuwa kiganjani mwangu, wala sikukumbuka kuutoa mfukoni. Nikanyamaza.

"Chupa imegongwa na huko?" aliuliza.

Nikatazama tena veranda tupu.

"Usikate simu," akasema. "Mwite nesi wa zamu, umpe ufunguo nikisikia. Mimi natafuta gari sasa hivi."

Niliona aibu, niliogopa, na kwa muda nilitaka kumdanganya. Kisha nikamwita nesi.