Mama Mkwe Ng'ambo ya Seng'enge

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alifunga safari kutoka Chwele, kule Bungoma, hadi kwetu Kitale. Alibeba kuku, mkungu wa ndizi na kanga mpya. Kisha akafikia kwa jirani. Kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono wala hawali pamoja, na nyumba yangu hakuwahi kuikanyaga. Basi mjukuu akawa anapitishwa juu ya seng'enge kama sufuria ya kuazima. Mke wangu alitaka kitu kimoja tu: mamake aingie kwetu, amwogeshe mtoto. Alikuwa akilia jikoni, nami nikiona mtu analia hukasirikia kila kitu, hata mlango.

Siku hizo nilikuwa nasomea ukatekista kila Jumamosi, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa elimu. Tulikuwa tumefika kwa walimu wa kanisa la mwanzo. Hao, tuliambiwa, walishikilia kwamba Mungu hakutuokoa kwa mbali. Aliuchukua mwili huu huu wetu, wenye njaa na jasho, ili nasi tushiriki uzima wake. Nikawaza: huyo hakufikia kwa jirani.

Nilitoka darasani moja kwa moja hadi kwenye seng'enge. Nikampa mama mkwe kisogo, kama adabu inavyotaka, nikayahubiria mahindi ya shambani somo hilo kwa sauti kubwa ili yeye asikie. Nilihubiri vizuri, nakiri mwenyewe.

"Sasa mkwe," akasema nyuma yangu nilipomaliza, "Mungu na watu, nani alikuwa mkubwa?"

"Mungu, mama."

"Na nani alivuka?"

"Ni Mungu."

"Ati alingoja kwanza watu wamhubirie?"

"Hapana, mama."

"Na hapa kwenu, mkubwa ni nani?"

"Si ni wewe, mama."

"Na wazee wakiuliza?"

"Sijui, mama."

"Waambie ni mimi nilitaka."

Nikasikia kanga ikikung'utwa. Nilipothubutu kugeuka, alikuwa ameshapita geti letu.

Aliingia bila kunitazama, akaitisha maji ya uvuguvugu. Mke wangu akawa analia na kucheka kwa pamoja, mtoto naye akapiga mayowe ndani ya karai. Nilifurahi sana. Lakini nilibaki nimesimama mlangoni, sijui kama naruhusiwa kuingia kwangu mwenyewe. Walimu wale walikuwa na nusu ya pili ya somo, nami kwa kelele zangu nilikuwa nimeisahau: Mungu alishuka ili atupandishe, tukae naye.

Chakula kilipoletwa, mama mkwe alimfunga mtoto mgongoni, akavuta kiti kilichokuwa karibu na chake, akakipangusa kwa mkono.

"Mkwe, kwani wewe ni mgeni? Kuja ukae."

Nikakaa, tukamega ugali kwenye sahani moja.