Nani Alimvunja Shigela

Shigela alivunjika mguu mchana kweupe, mbele ya umati wa watu, njuga zikiwa miguuni, na kama ni lazima mtu avunjike, basi heri avunjike hivyo. Angeanguka shambani kwake Busisi akichimba viazi, nani angejua? Miaka thelathini alikuwa amecheza ngoma ya Bagika, na miaka yote hiyo alisimama wa tatu kutoka mwisho wa mstari. Alikuwa hodari, hachoki, hakosei. Wala hatazamwi.

Asiyeyajua mashindano yale aelezwe kidogo. Baada ya mavuno, Bagika na mahasimu wao Bagalu hupiga ngoma uwanja mmoja, wakati mmoja, wakitazamana, na hakuna jaji mwenye kalamu. Watu ndio majaji. Wakivutiwa na upande mmoja huukimbilia, na upande unaobaki na watoto na mbuzi ndio umeshindwa. Kwa hiyo kila kundi lina dawa zake, za kuvuta watu na za kumwangusha yule anayevuta watu upande wa pili. Shigela aliporuka Julai ile akatua vibaya, mifupa yote miwili chini ya goti ikakatika, hakuna aliyeuliza uwanja ulikuwaje, wala yeye ana umri gani. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. "Bagalu wamempiga," watu wakasema, na kabla hajafikishwa hospitali Sengerema habari ilikuwa ndiyo hiyo.

Mkewe Rebeka alichukia. Rebeka anaimba kwaya, sauti ya pili, na tangu aolewe, miaka ishirini na minane, hajapata kunyamaza kuhusu dawa za ngoma.

"Umeanguka, Baba Evelina," alimwambia wodini. "Mtu akiruka huanguka."

Shigela alimtazama kwa huruma. Maana pale kitandani alikuwa amekuwa mtu mkubwa. Wenzake walikuja makundi kwa makundi. Manju wao, kiongozi wa ngoma, alileta kuku wawili, na wimbo ukatungwa: Wamemwogopa Shigela, wamemwogopa. Ukaimbwa mpaka mnadani. Alipotoka hospitali, watu waliokuwa wakimpita barabarani bila salamu walisimama uani kwake kumpa pole na kuutazama mguu.

Na mguu nao ukapona kana kwamba ulikuwa unasikiliza. Chuma alichowekwa mfupani kilikaa vizuri, kidonda kikafunga. Dorcas, dada wa mazoezi ya viungo, alisema hajawahi kupata mgonjwa wa namna hiyo. Akiambiwa aunyanyue mara kumi, anaunyanyua ishirini, jasho linamtiririka, huku akisema, "Kashindye ataniona Julai." Kashindye ndiye manju wa Bagalu, anakaa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigongo.

Kufikia Desemba alikuwa ameacha gongo moja la kutembelea. La pili akagoma kuliacha. Januari ikapita, Februari ikapita. Dorcas akamvuta Rebeka kando.

"Mama, mfupa umeunga. Kilichobaki kiko kichwani. Kuna kitu anakiogopa."

Hapo ndipo Rebeka alipokosea, na kumtetea ni kazi. Alidhani anakijua kinachoogopwa. Mara ngapi amemsikia mumewe akisema, "Mguu huu ulishikwa na watu"? Basi, aliwaza, huyo aliyeushika akija mwenyewe na kusema hakushika kitu, woga utakwisha na gongo litakuwa kuni. Halikuwa wazo la kijinga. Lakini chini yake kulikuwa na jingine, na tuseme kweli yote: miaka ishirini na minane ya ubishi, na safari hii angeshinda.

Akapanda pikipiki, akavuka daraja, akamkuta Kashindye anatengeneza zizi la ng'ombe. Akapiga goti, akamwamkia shikamoo, akamweleza. Mzee hakukataa. Jumamosi alikuja, kavaa koti, akaketi kwenye kigoda uani mkabala na Shigela.

"Mdogo wangu," alisema, "mkeo kaja kwangu. Anasema mguu wako hautembei kwa sababu yangu."

"Ulifanya kazi yako, manju," alisema Shigela, na kifua kilimvimba. "Sikulaumu. Ningekuwa wewe, na mimi ningefanya."

"Sikukufanyia kitu."

"Mimi si mtoto."

"Nakuapia kwa ng'ombe wangu. Dawa tuliweka, siwezi kukataa. Lakini ilikuwa ya Masalu. Masalu wenu yule wa mbele ndiye aliyekuwa anatunyang'anya watu." Mzee alitafuta neno la kiungwana, akalikosa. "Wewe, hata jina lako nililisikia ulipokwisha kuvunjika."

Kuku walichakura jikoni. Rebeka alisimama mlangoni na sinia la chai, moyo unamdunda kwa furaha.

"Labda nilikanyaga ya Masalu," alisema Shigela polepole.

"Ya mtu haimshiki mwingine. Ulianguka tu. Tunazeeka. Mimi mwenyewe siruki tena."

"Umesikia, Baba Evelina?" alisema Rebeka. "Umesikia kwa masikio yako?"

"Nimesikia," alisema Shigela. Akanywa chai yake yote, akamshukuru mgeni, akamwombea safari njema.

Kesho yake hakufanya mazoezi. Wala keshokutwa. Rebeka alingoja gongo litupwe, na kweli aliliacha, maana mtu asiyenyanyuka kitini gongo la nini? Dorcas alikuja, akaukunja mguu, akaukunjua, akauliza kama panauma. Hapaumi, alisema. Alitumwa tena kupigwa picha, na picha ikaonyesha mfupa mzima wa kumfaa kijana. Lakini nyama ya paja ilikuwa inakwisha na goti lilikuwa linakakamaa, na Dorcas alipomwambia anyanyue mara kumi, alinyanyua mara mbili, kwa adabu, kama anayemfanyia mtu hisani.

Kashindye si mtu wa kuficha mambo. Habari ilivuka daraja ikarudi, na wageni wakapungua, kisha wakaisha. Rebeka alikaa na uchungu ambao hakuwa na wa kumwambia. Mchungaji angemsifu. Alikuwa amesema kweli, akaileta hadi uani kwake, akaipikia na chai.

Julai ikaingia. Siku ya mashindano ngoma zilisikika kutoka uwanjani tangu asubuhi. Shigela alikuwa kwenye kiti chake nje, njuga zake zimetundikwa kwenye msumari nyuma ya kichwa chake. Saa nane hivi Bagika wakaanza wimbo ule, na Rebeka, aliyekuwa anapepeta mpunga, akautambua kabla ya maneno. Halafu maneno yakaja. Wamemwogopa Masalu, wamemwogopa.

Akaweka ungo chini. Akamwendea mumewe, akachutama mbele yake, akaushika ule mguu kwa mikono miwili.

"Baba Evelina. Kashindye alikudanganya. Nimerudi kwake, nimemuuliza, kakiri. Dawa ilikuwa yako. Ni wewe waliyekuogopa."

Hakuwa amerudi popote. Alisema uongo huo kwa mdomo ule ule wa kwaya, na angeusema kanisani mbele ya waumini wote kama ungemnyanyua.

Uso wa Shigela ulifunguka. Akaitazama njia ya uwanjani, akakaza mikono kwenye kiti, na Rebeka akaruka kufuata gongo. Aliporudi nalo mikono ilikuwa imelegea.

"Mama Evelina," alisema, taratibu kabisa, bila hasira, "mambo haya wewe hujapata kuyaamini."

Kisha akamwomba amsogeze kivulini.