Bomba la Kupumulia

Nina shahada mbili, na hakuna hata moja iliyonifundisha maji yanakwenda wapi yakipata moto. Nilijua yanachemka, kama ajuavyo kila mtu. Zaidi ya hapo niliamini yanakaa tu ndani ya sufuria yakingoja majani ya chai.

Mwanangu wa kwanza alikuja kujifungua kwetu, Madungu. Mimba ya kwanza, kwa desturi yetu, huja kuzaliwa kwa mama wa mke. Mume hubaki kwake akipiga simu kila saa. Uchungu ulimshika siku mbili. Aliporudi kutoka hospitali, mtoto kapakatwa na nyanya yake, hakuweza kupanda vidaraja vitatu vya baraza yetu bila ya kushikwa huku na huku. Nilimshika upande mmoja. Mkono wake ulikuwa mwepesi, kama wa mtu aliyeacha kitu njiani.

Mke wangu akatuma habari Kengeja. Kesho yake ikasimama gari ya abiria na akateremka bibi mmoja mfupi, mkavu, na furushi la majani kwapani. Mkononi alikuwa na kigoda chake mwenyewe, maana viti vya watu haviamini. Huyu ndiye mkandaji. Alimkanda mama mkwe wangu alipozaa, akamkanda mke wangu, na sasa alikuja kwa mwanangu. Kazi yake ni ya maji ya moto: mzazi hukalishwa kigodani, kitambaa huchovywa kwenye maji yenye majani ya mkwaju, na tumbo, kiuno na miguu hukandwa mpaka mwili urudi mahali pake. Asubuhi na jioni, siku arubaini.

"Mimi sitaki maji ya uvuguvugu," aliniambia kabla hajaketi. "Wala sitaki kuambiwa kuni zimelowa. Baridi ikishamkaa mzazi kiunoni, mwanangu, haitoki. Huyu utakuja kumwona ana umri wangu, akitembea ashike ukuta."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwa sauti ileile ninayoitumia darasani nisipolijua jibu.

Wasiwasi ulikuwapo. Masika yalikuwa yameingia. Uani tulikuwa na pipa la chuma, limelazwa juu ya mawe, tukilitia moto kwa kuni na makumbi ya nazi. Siku ya mvua kubwa moshi ulikuwa mwingi kuliko moto. Kwenye ukumbi wa nyuma, juu ya jukwaa la mbao, nilikuwa na boila la gesi, la kupashia maji moto, nililolipata kwenye nyumba moja ya wageni iliyofungwa. Hilo lilikuwa zuri, jeupe, na lilifanya kazi vizuri mtungi ukiwa na gesi. Lakini gesi kwetu huvuka bahari, na bahari ikichafuka, madukani hubaki mitungi mitupu imepangwa vizuri. Kuni zinaweza kukosekana leo, gesi kesho. Nikawaza: kwa nini nisiviunganishe, maji yawe mamoja na moto uwe wowote utakaopatikana?

Fikra hii niliiona ni yangu. Baadaye nilisoma kwamba katika nchi za baridi watu wanafanya hivyo zamani sana, wapate joto la nyumba nzima. Sisi nyumba nzima tunaipasha moto bure, kwa mabati.

Nikamwita fundi bomba, mtu wa Chokocho, mrefu, anayesema kama anayelipia maneno. Alizunguka ua mara mbili, akapiga pipa kwa kifundo cha kidole, akalitazama boila kule juu.

"Mabomba mawili," alisema. "Moja huku chini, moja huku juu."

"Na pampu?"

"Pampu ya nini, mwalim?"

"Ya kuyapandisha maji. Pipa liko chini, boila liko juu."

Alinitazama kidogo, kama daktari anayetafuta namna ya kumweleza mgonjwa. "Tutaona," alisema.

Alifanya kazi siku mbili. Bomba moja lilitoka sehemu ya juu ya pipa likapanda hadi boila. La pili likateremka kutoka chini ya boila likarudi chini ya pipa. Mimi nilitaka jambo moja tu: maji ya moto yasije yakarudi kwenye tangi letu la juu ya paa, tunalonywea. Akaniwekea hapo vali ya upande mmoja, maji yapite kuja na yasirudi. Kisha, bila ya kuombwa, akatoa bomba jingine jembamba juu kabisa ya boila, akalipandisha mpaka likalipita tangi, akalikunja ncha kama bakora, wazi.

"Hili nalo?"

"La kupumulia. Ulivyoziba njia ya kurudi, hapa ndipo pua. Maji yakipata moto yanazidi, yatatoka kidogo kidogo. Usiliguse."

Nikaitikia kwa kichwa. Nimewaona wanafunzi wangu wakiitikia vivyo hivyo.

Akatia makumbi chini ya pipa, akawasha. Akanipeleka ukumbini, kwenye boila. Mtungi wa gesi ulikuwa umefungwa, nimeufunga mwenyewe. "Shika bomba la juu," alisema. Lilikuwa baridi. Tukangoja. Nilikuwa nikitafuta neno la upole la kumwambia kwamba haikufaa, ndipo joto likaja kiganjani. Halikuja ghafla. Lilikuja kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, likapita, likaendelea. Baada ya muda boila lenyewe, halina moto, halina gesi, likawa vuguvugu upande wa juu. Nikashika bomba la chini: baridi, inateremka.

"Nani anayasukuma?" niliuliza, kwa sauti ya chini, sijui kwa nini.

"Hayasukumwi, yakhe. Yenye moto mepesi, yanapanda. Ya baridi mazito, yanashuka. Yatazunguka hivyo mpaka uuzime moto."

Nilisimama pale nimelikumbatia boila. Jambo hili nililijibu kwenye mtihani wa kidato cha pili, nikapata vema kwa kalamu nyekundu, na sikuwahi kuliamini hata siku moja. Sasa maji yalikuwa yakipita chini ya mkono wangu, yakijua njia, bila ya kuamrishwa na mtu, mazito kwenda zake na mepesi kwenda zake. Nikasema subhanallah. Fundi akaitikia, akaanza kukusanya spana zake.

Yakikosekana makumbi makavu, tuliwasha gesi. Pipa la chini halikupata kitu, lakini boila pekee liliwatosha. Mkandaji alichovya kiwiko siku ya kwanza, akachovya tena. "Haya maji yamechemkia wapi?" aliuliza. Nikamweleza habari ya mepesi na mazito. "Nimeshayaona kwenye chungu," alisema. "Ulikuwa hutazami chunguni?"

Zikapita siku kumi na nane. Mwanangu alianza kula akamaliza sahani, na akitoka bafuni alishika ukuta kwa vidole tu.

Tatizo lilikuwa lile bomba la bakora. Kila moto ukiwashwa lilidondoka juu ya bati: to, to, to, lita nzima ikaenda uani. Mimi nimelelewa na baba ambaye alikuwa akitawadha kwa kopo moja akabakisha, na maji ya bomba kwetu huja siku yakitaka. Mtu wa hapa hawezi kulala maji yakidondoka, ni israfu, na israfu inaandikwa. Nilivumilia. Nikaweka ndoo, upepo ukapeleka matone pembeni. Mwishowe nikajishawishi kwamba fundi alikuwa akijitetea tu. Kila fundi ambaye kazi yake inavuja hukwambia ndivyo inavyotakiwa.

Siku ya kumi na tisa, mzazi alipokwisha kukandwa jioni na moto umezimwa, nikapanda ngazi na kumbi la nazi. Hivyo ndivyo tunavyoziba kitu: nyuzi za kumbi unazisokota, unazilowesha, unazishindilia. Kumbi likilowa hufura, na likifura halitoki. Nikafunga juu yake kwa ukanda wa mpira wa tairi. Nikateremka nimeridhika sana.

Asubuhi mke wangu akawasha pipa kama kawaida, akatia makumbi mengi kwa sababu yalikuwa makavu. Mimi nilikuwa barazani nasahihisha insha. Nilisikia pipa likiguna, nikadhani ni gari barabarani.

Yaliyotokea bafuni nimesimuliwa na mwanangu. Alikuwa amekaa kigodani, hatua mbili kutoka kwenye koki ya maji ya boila. Mkandaji ana ada yake: maji ya moto hayafunguliwi kumwelekea mzazi. Kwanza hufungua kwenye ndoo tupu, koki ikielekea ukutani, naye husimama katikati, mgongo wake kwa mzazi. Siku kumi na tisa mwanangu alikuwa akimcheka kwa hilo. Alipofungua, koki haikutoa maji. Ilitema mvuke, kwa sauti kama ya paka aliyebanwa, na ukuta ukalowa mpaka juu. Bibi akaifunga kwa pembe ya kanga.

Alitoka bafuni akaja uani mikono mitupu, hakukimbia. "Mwalimu," aliita. Hakuwahi kuniita hivyo, nikaja mbio. "Umefanya nini jana huko juu?"

"Nimeziba bomba. Lilikuwa linadondoka."

Pipa lilikuwa limefura vitako vyote viwili, kama mashavu ya mtu anayepuliza moto.

"Ondoa moto," alisema. "Kwa jembe, ukiwa mbali. Usilipande hilo paa."

Nikavuta makumbi kwa jembe, moja moja. Mke wangu akayamwagia maji kwa kopo. Bibi alikuwa amekwisha kukipata kingoe, ule mti mrefu wenye kulabu tunaovutia matawi ya mikarafuu. Akajificha nyuma ya kona ya ukuta, akaunyosha juu, akaukamata ule mpira wa tairi kama anayeukamata mshuke wa karafuu. Akavuta mara tatu. Ya tatu kumbi likaruka likapita juu ya nyumba ya jirani.

Mvuke ulitoka mweupe, mnyofu, ukapanda juu kuliko minazi. Ulilia muda mrefu, kisha ukapungua, ukawa pumzi, ukawa matone. Mimi nilikuwa nikitazama ule mlango wa bafu na kuhesabu hatua mbili.

"Kinachochemka lazima kipumue," bibi alisema, akiurudisha mti mahali pake. "Chungu unakiachia upenyo. Mwanamke akisukuma unamwambia apumue. Wewe ulisoma nini?"

"Historia, bibi."

"Aa," alisema, kama aliyeelewa mengi.

Nikamwambia leo tumwache mwanangu apumzike. Akanikatiza. Siku moja ikikatika, alisema, anaanza upya kuhesabu, naye ana mzazi mwingine anamngoja Kengeja. Alingoja boila litulie, akafungua koki kwenye ndoo tupu, mgongo wake kwa mwanangu, akachovya kiwiko. Nikabaki nje nimekaa kwenye kizingiti. Nilisikia kitambaa kikikamuliwa, na juu ya bati, to, to, to.

"Baba," mwanangu aliita kutoka ndani. "Maji leo mazuri."

Nikainuka kulichukua jembe lililobaki uani.

Fundi alikuja mchana. Akapapasa vitako vya pipa. "Kumbi?" aliuliza.

"Kumbi."

"Ulililowesha?"

"Nililowesha."

Alileta pipa jingine, akaniachia bomba lake kama lilivyokuwa.

Siku ya arubaini mwanangu alivaa kanga mpya, akambeba mtoto, akateremka vidaraja vitatu vya baraza peke yake, akapanda, akateremka tena kwa kuwa nilikuwa sikuona vizuri mara ya kwanza. Bibi alikuwa amekwisha funga furushi lake. Gari ilipopiga honi barabarani alisimama uani na kigoda mkononi, akainua uso kuitazama ile bakora juu ya paa.

"Linapumua?"

"Linapumua, bibi."

"Haya," alisema, akaenda zake.