Kadi ya Kliniki Iliyoandikwa Wimbo

Mume wangu anatunga nyimbo za kanisa na za bendi. Wanawake wenzangu wa kanisani huniambia nimebahatika, mwanamume hanywi, jioni yuko na tarumbeta lake badala ya kilabuni. Huwa nawajibu asante. Ningependa mmoja wao aje akae wiki moja chumbani kwetu.

Tumepanga chumba kimoja Kariakoo, nyuma ya soko. Mwenye nyumba ni bibi wa Kizaramo, mjane, aliyetupokea sisi Walutheri wa Kilimanjaro kwa sharti moja tu, kwamba nguruwe asipikwe uani kwake. Mume wangu alijifunza tarumbeta kule nyumbani, misheni. Hapa mjini ni karani wa stoo bandarini, mpulizaji wa bendi ya wafanyakazi, na Jumapili mwalimu wa kwaya.

Mtu anayetunga nyimbo hayupo hata akiwa yupo. Anakula, halafu tonge linasimama hewani kwa sababu besi imekaa vibaya. Ugali wenyewe wa yanga, ule wa njano, unga nilioupangia foleni tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Siku moja nilimwambia mtoto ana homa. Akasema, "Ngoja, ngoja," akiwa amenyoosha kidole juu kama anamsimamisha dereva.

Karatasi zilikuwa hazipatikani. Ile ilikuwa miaka ya baada ya vita, sabuni hakuna, sukari kwa kadi, daftari la shule unalipata kwa kujuana. Yeye aliandika popote: pakiti za sigara alizookota, mfuko wa saruji uliokung'utwa, mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita. Aliandika nota za do-re-mi, sauti nne zimepangwa moja chini ya nyingine, kwa mwandiko ambao kwa bendi nzima hakuna aliyeuweza. Mimi niliuweza. Nilimaliza kidato cha nne, na nilikuwa kwaya kabla sijaolewa. Karibu kila kipande kipya nilikaa nikaandika maneno yanayosomeka juu ya makwaruzo yake.

Na bendi yao ilikuwa na utaratibu wake. Wimbo ulikuwa na karatasi moja tu, nao waliiita karatasi mama. Mmoja anaipeleka kwake siku mbili, anakariri sauti yake, anampa mwenzake. Ikizunguka mpaka ikarudi, wimbo uko tayari. Walijivunia hilo. Walisema huo ndio ujamaa wa kweli, hakuna mwenye nyimbo peke yake.

Jumapili moja, binti yangu akiwa na miezi minane, alianza kulia katikati ya mahubiri. Nikampa baba yake kitabu changu cha nyimbo ashike, nikatoka na mtoto nje kumnyonyesha. Niliporudi nilimkuta anaandika gotini, uso unang'aa. Nikafurahi kwa ajili yake. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Nilimwona akiandika, na sikuuliza anaandika juu ya nini.

Ndani ya kile kitabu nilikuwa nimeweka kadi ya kliniki ya mtoto. Niliiweka humo isikunjike. Upande mmoja una mstari wa uzito, mwezi hadi mwezi, na upande wa pili ulikuwa mweupe kabisa.

Kliniki ni mara moja kwa mwezi, na katikati ya mwezi sikuwa na sababu ya kuitazama. Siku ya sindano ya surua nilifungua kitabu, kadi hakuna. Nilipekua godoro, sanduku, chini ya kitanda. Mume wangu alikuwa anafunga kamba za viatu, nikamuuliza.

"Ile kadi?" akasema. "Ile iliyokuwa tupu nyuma?"

Nikaacha kupekua.

"Iko kwa mtu wa besi, sauti yake nimemwimbia mwenyewe. Usihofu, ataitunza. Ni karatasi mama."

Nikaenda kliniki hivyohivyo. Nesi hakuinua hata kichwa. "Kadi iko wapi, mama?"

Nikamweleza. Akainua kichwa sasa. "Baba yake kaandika wimbo kwenye kadi ya kliniki?"

"Ndiyo, dada."

Akamgeukia mwenzake, wakacheka, si kwa ubaya. Halafu akasema chanjo imekuja chache, wenye kadi kwanza, kaa pale. Nikakaa. Saa saba chanjo ikaisha, na hakuna aliyejua nyingine italetwa lini. "Lete kadi, mama," akaniambia. "Hata kama ina wimbo."

Nikatoka pale kwa miguu hadi Buguruni, kwa mtu wa besi. Mkewe alikuwa anamenya mihogo mlangoni.

"Kadi? Ile karatasi ya wimbo? Kaondoka nayo, wifi. Wametangulia Morogoro na vyombo, kuna sherehe ya wafanyakazi. Yaani huo wimbo anauimba mpaka chooni." Akaniangalia, akaacha kumenya. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema, nikafunga mtoto vizuri, nikarudi.

Alhamisi mume wangu naye akaondoka kwenda Morogoro. Nilimwambia usirudi bila kadi. Akasema sawa. Nilimwambia tena mlangoni. Akasema, "Nimesikia, mama," lakini vidole vyake vilikuwa vinabonyeza tarumbeta ambalo halikuwepo mkononi.

Sherehe ikasogezwa mbele kwa ajili ya mgeni rasmi, wakakaa wiki mbili. Wiki hizo mbili surua iliingia mtaani kwetu. Ilianza nyumba ya tatu, ikaja ya pili. Nilirudi kliniki bila kadi, nikaambiwa chanjo bado. Ilipofika nyumba yetu, mtoto wangu alikuwa wa kwanza.

Alivimba macho hata yakawa hayafunguki. Bibi mwenye nyumba alitundika kanga zake mbili dirishani mwanga usiingie, akakaa nami. Hospitali walinipa dawa ya maji na kuniambia nimnyonyeshe, basi. Siku ya tano mtoto hakulia tena, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu anayelia bado ana nguvu.

Mchana huo redio ya bibi ilikuwa inasema uani. Wakatangaza bendi ya wafanyakazi wa bandari, moja kwa moja kutoka Morogoro. Nikazisikia zile nota. Nilizijua mara moja, maana alikuwa amezipiga kwenye sufuria, kwenye meza, kwenye bega langu. Sasa zilikuwa na matarumbeta na besi na ngoma, na mpangaji mwenzetu akaja mlangoni akitabasamu.

"Hongera, mama. Mumeo yuko redioni."

Bibi akamwambia, "We mwana, zima hiyo redio na uondoke hapo." Mwenzetu akazima.

Mtoto hakufa. Jicho la kushoto limebaki na doa jeupe kwenye mboni. Daktari alisema hilo halitoki.

Mume wangu alirudi na kadi, kumbe aliikumbuka. Mtu wa besi alikuwa ameifunga kwenye nailoni, safi, haina hata kona iliyokunjika. Baba mtu alipomwona mtoto alikaa chini, akalia kwa sauti. Nilimwacha alie. Sikuwa na mkono wa kumpa, yote miwili ilikuwa na kazi.

Mwezi uliofuata akaja mzee wa kanisa, na mume wangu nyuma yake kama mtoto aliyeletwa na mzazi. Kwaya ilitaka wimbo ule kwa Pasaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama mwalimu. Tunaomba ile karatasi. Tutaiweka ofisini, isipotee. Ni kumbukumbu ya kanisa."

"Ni kadi ya kliniki."

"Tunajua, mama, tumepewa habari, poleni sana. Lakini wimbo huu sasa ni wa watu wote."

"Aimbe mwenyewe basi. Si ndiye aliyeutunga?"

Mume wangu akasema polepole kwamba sauti ya kwanza anayo, besi anayo, zile mbili za kati, ambazo bendi haikuzipiga, zimempotea.

Nikamwambia mzee kadi haitoki humu chumbani, mwenye kutaka nota alete karatasi na kalamu. Wakaleta. Mtu wa besi aliandika, na ikabidi nimsomee mimi, kwa kuwa hata mume wangu alishindwa kuyasoma makwaruzo yake ya siku ile. Nilikaa mlangoni, mtoto mapajani, nikasoma mstari kwa mstari. So, so, la, so. Do ya chini. Sauti ya tatu inashuka pale ambapo hutegemei ishuke, na unabaki unaisubiri. Ni wimbo mzuri. Ningekuwa na amani kama ungekuwa mbaya.

Wanauimba kila Pasaka. Ukifika, nambeba binti yangu natoka nje, nasimama karibu na baiskeli mpaka uishe. Mama mchungaji alinifuata mara moja, akaniuliza kama mtoto analia.

Mtoto hakuwa analia. Anaupenda sana wimbo ule, alikuwa anapiga makofi begani kwangu.