Amri moja, na picha zote za marehemu

Leo nimefuta uso wa marehemu.

Mama mmoja wa Kiogoro alituletea laptopu ya bintiye aliyefariki, tuchapishe programu ya mazishi ya kesho. Picha za binti zilikuwa humo tu, hazikuwa kwingine, na folda yake ilikuwa imejaa virusi.

Moraa, mwenzangu hapa saiba, dukani petu pa kompyuta, akashika mausi aanze kuviondoa kimoja kimoja, pole pole.

Mimi na kiburi changu: "Toka hapo, utakesha."

Nikafungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, nikaandika moja ya kufuta virusi vyote kwa mpigo, nikabonyeza.

Folda nzima ya picha ikaenda.

Moraa akaangalia kwenye pipa la takataka la laptopu. Tupu. Amri haipitishi kitu huko, wala haikuulizi kama una uhakika.

Nilipomweleza mama, akasema, "Basi mwanangu, andika jina. Nafasi ya picha uiache wazi."

Nikachapisha hivyo. Akapokea karatasi, akanishukuru.

Niambieni, asante kama hiyo mtu huijibu vipi?